Madumu Kumi na Mawili ya Bahari

Juzi niliingia duka la pembejeo pale Runazi kununua dawa ya kuogeshea mbuzi. Muuzaji alikuwa anapanga mawe ya chumvi ya mifugo, yale ya kahawia yenye tundu katikati la kupitishia kamba, na moja likamponyoka likapasukia sakafuni. Harufu yake ikanipanda puani: chumvi, vumbi, na kitu kama chuma kilicholala mvuani. Nikashika meza. Muuzaji akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamjibu ni jua tu. Ndivyo nilivyo mimi, jibu la uongo huwa limeshatoka kabla sijalitafuta. Niliporudi nyumbani nikaona nilitapike jambo hili kwenu, wa rika langu, kwa sababu watoto wangu bado wananiamini.

Nilikuwa na miaka kumi, na kiburi kinachotosha watu wazima watatu. Mimi na Baba tuliishi karibu na Rusumo, kwenye kibanda kilichoegemea zizi la mtu aliyempa Baba kazi ya kuchunga. Mama na wadogo zangu walibaki Nyakisasa, wakilima shamba la kuazima. Wazazi wangu walitoka Burundi kabla sijazaliwa, na tangu hapo tulikuwa tumehama mara nne. Shuleni, darasa la kwanza, wenzangu waliniita mkimbizi. Nikaamua nitakisema Kiswahili vizuri kuliko wao. Nilifika darasa la nne mwalimu akiniita mbele niwasomee wenzangu, na hakuna aliyeniita mkimbizi tena, angalau si mbele yangu.

Baba yeye alisema Kirundi. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani: salamu, rangi za ng'ombe, bei, basi. L na r zilibadilishana viti mdomoni mwake, na mimi niliona aibu hadi masikio yakawaka. Kwa hiyo kila palipokuwa na mtu wa Kiswahili, nilikimbilia kumtafsiria, na watu walidhani ni mtoto mwenye adabu. Sikuwa na adabu yoyote. Nilitaka tu asifungue mdomo. Na kwa akili yangu ya wakati ule niliamini kwamba lugha asiyoweza kuisema mtu, hawezi pia kuisikia.

Baba alikuwa akipeleka maziwa kila asubuhi nyumbani kwa Bwana Kombo, mtu wa Pemba, wakala wa forodha aliyeshughulikia makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Rwanda. Huko ndiko nilikoiona bahari kwa mara ya kwanza. Ilikuwa sebuleni, ndani ya tangi la kioo refu kama kitanda, chini ya taa ya buluu. Ndani yake kulikuwa na mawe yenye uhai, mchanga mweupe, uduvi wenye miguu kama nyuzi, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na vitu nilivyodhani ni maua mpaka siku nilipoyaona maua hayo yakimkamata mdudu na kumla. Bwana Kombo alicheka akaniambia yale ni matumbawe. Alikuwa ameyahamishia bara moja moja, miaka na miaka, kwa sababu, alisema, mtu wa kisiwani akikaa mbali na maji anaanza kukauka.

Alinipenda kwa sababu nilikuwa nauliza. Alinionyesha kipima chumvi, alinifundisha kusoma mistari yake. Chumvi ya tangi lile haikuwa ya dukani. Ilikuja kwa ndoo kutoka nje ya nchi, na wakati ule ilikuwa imemwishia. "Bahari si maji na chumvi, binti," aliniambia. "Usije ukadhani hivyo." Nikaitikia, huku nikidhani hivyo hivyo.

Kisha Bwana Kombo akanunua nyumba nje kidogo ya mji wa Biharamulo, yenye uwanja mpana na ng'ombe watatu waliouzwa pamoja na kiwanja, akaamua kuhamia huko na tangi lake. Siku moja alimsimamisha Baba na maziwa yake mlangoni, akaniambia nimtafsirie: anataka mwangalizi. Uani kuna nyumba ya vyumba viwili, ya bati, mlango wa mbao. Mzee akija na tangi likafika salama na wakaelewana, amlete mkewe na watoto wote wakae pale. Nilitafsiri. Baba akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniambia rudia tena, na safari hii akanishika bega. Tulipokuwa tunarudi na baiskeli alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, na Baba hakuwa mtu wa kuimba nje ya kanisa.

Kesho yake alinunua jiwe la chumvi. Alikuwa na desturi yake: hawezi kukabidhiwa ng'ombe wageni akawafikia mikono mitupu. Kitu cha kwanza huwakorogea maji ya chumvi kwenye hori, anayaonja mwenyewe kwa ulimi, anaongeza, anaonja, mpaka yakae sawa, ndipo anawaita. Alisema ng'ombe akinywa maji uliyoyaonja wewe, anakujua. Jiwe lile alilifunga kwenye kitambaa, akalitia kwenye mfuko wake wa safari pamoja na Biblia na shati la Jumapili.

Siku ya kuhama tulianza alfajiri, kukiwa tayari na mwanga. Kwanza maji yalinyonywa kwa mpira yakajazwa kwenye madumu kumi na mawili ya lita ishirini ishirini, yale ya njano ya mafuta ya kula, yaliyooshwa wiki nzima. Kila tone la maji yale lilihitajika, maana hapakuwa na chumvi ya kutengenezea mengine. Mawe yakaingia kwenye ndoo yakiwa yamezama, matumbawe kwenye vikopo vipana, samaki na uduvi kwenye ndoo mbili zenye pampu ndogo za betri. Baba alitazama ndoo zikichezacheza maji, akaenda akakata jani la mgomba, akalichana vipande, akalaza kipande juu ya kila ndoo. Maji yakatulia. Hivyo ndivyo kina mama kwetu wanavyobeba maji kichwani yasimwagike. Bwana Kombo akasimama akimtazama. "Mzee huyu anajua kuhamisha kiumbe," akasema. Mimi sikumtafsiria hilo. Sikuona umuhimu wake.

Tukapanda pikapu. Bwana Kombo mbele na dereva wake, Deo. Mimi na Baba nyuma na bahari. Kila tulipopita penye watoto wa shule yetu nilijiinamisha nyuma ya madumu nisionekane nimekaa na mtu aliyenuka maziwa na ngozi ya ng'ombe. Baba alidhani nasikia baridi, akanifunika koti lake.

Tulipofika Benaco tairi likapasuka. La akiba nalo halikuwa na upepo. Deo na Baba wakayaviringisha yote mawili kwenda kwa fundi pancha, na Bwana Kombo akaenda kutafuta betri nyingine za pampu. "Binti, nakuachia wewe," akaniambia. "Usifungue kitu."

Watoto wakaja, kama watoto wanavyokuja penye gari bovu. Mmoja alikuwa msichana wa kimo changu, na sare yake ilikuwa mpya kuliko yangu. Akauliza tumebeba nini. Nikasema bahari. Wakacheka mpaka wakashikana. Yule msichana akasema, "Muongo! Nimemsikia baba yako anavyoongea. Ninyi wakimbizi, bahari mtaitoa wapi?"

Nikafungua dumu. Nawaambia ukweli, sikufikiri hata kidogo. Niliwaambia wachovye vidole waonje, wakaonja, wakapiga kelele, wakaita wengine. Nilijisikia mkubwa. Nikafungua la pili, nikaliburuta mpaka ukingoni ili wa nyuma nao wafikie, wakalivuta, likaanguka, na lile la kwanza likavutwa nalo kwa sababu yalikuwa yamefungwa kamba moja. Yote mawili yakamwagika mchangani. Watoto walitawanyika mara moja. Msichana wa sare mpya ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia.

Nilibaki nikitazama ule mchanga uliolowa. Kisha nikafanya kile ambacho mtoto wa mfugaji pekee angekifanya, na nilikifanya kwa uhakika kabisa. Palikuwa na bomba la kusukuma karibu. Nikajaza madumu yote mawili, nusu nusu kwa safari nne, nikipandisha kwa kopo. Nikatoa jiwe la chumvi kwenye mfuko wa Baba, nikalikwangua na kulipigapiga kwa jiwe jingine, nikatia vipande ndani, nikatikisa. Nikaonja. Nikaongeza. Nikaonja tena, nimefumba macho kama Baba anavyofumba penye hori, mpaka ulimi ukaniambia ni ile ile. Maji yalikuwa na wekundu kidogo, lakini ndani ya dumu la njano nani angeuona? Jiwe lililobaki nikalifunga kwenye kitambaa chake. Mtaniamini nikiwaambia kwamba niliona fahari? Niliona nimeiokoa safari.

Biharamulo tulifika mchana. Tangi likasimamishwa, mchanga ukalazwa, mawe, maji, matumbawe, mwisho samaki. Bwana Kombo akapima. "Imepungua kidogo sana," akasema, "si mbaya, imevumilia." Akakaa kwenye mkeka mbele ya tangi, akacheka peke yake. Alimwita Baba aje atazame, akampa mkono. Baadaye nilimkuta Baba kwenye nyumba ya uani. Alikuwa anapita chumba kimoja hadi kingine akigusa kuta kwa kiganja, akasema kwa Kirundi, hapa Mama yako, hapa ninyi. Kisha akafungua kitambaa chake aangalie jiwe la chumvi. Lilikuwa limebaki nusu, na lilikuwa limelowa. Alilitazama, akanitazama mimi. Nikamwambia nasikia njaa.

Asubuhi niliamshwa na harufu. Siwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa ya kitu kilichooza ndani ya maji, na ilikuwa imejaa nyumba nzima. Bwana Kombo alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, na msuli aliojifunga kiunoni umelowa. Maji yalikuwa na ukungu. Uduvi walikuwa wamelala chali, weupe. Matumbawe yalikuwa yamenywea na kuachia utelezi. Samaki mmoja alikuwa amekufa, wa pili alikuwa ubavuni akitweta. Leo ninajua kwamba kwenye chumvi ya ng'ombe huchanganywa madini, na kwamba shaba inayompa ng'ombe nguvu ni sumu kwa tumbawe. Siku ile nilijua tu kwamba ni mimi.

Bwana Kombo hakuwa mjinga. Alikwenda kwenye madumu matupu, akayainamisha moja moja kwenye mwanga, na chini ya mawili akakuta tope la kahawia. Akalichota kwa kidole, akalionja, akatema. Akatoka nje. Na nje, Baba alikuwa penye hori anawakorogea ng'ombe aliokabidhiwa asubuhi hiyo maji yao ya kwanza, jiwe la kahawia mkononi.

Bwana Kombo hakupaza sauti. "Binti," akasema, "muulize baba yako kama aliitia chumvi hii kwenye maji yangu."

Nikamtafsiria Baba, neno kwa neno. Baba akafuta mikono kwenye suruali. Alinitazama mimi, siyo Bwana Kombo. "Oya," akasema taratibu. "Ntaco nashizemwo." Hapana. Sikutia kitu.

Nyuma ya Bwana Kombo niliuona mlango wa mbao wa nyumba yetu ukiwa wazi. Nilijua tutafukuzwa. Nilijua pia kwamba mmoja wetu atachukiwa na mtu aliyenifundisha kusoma kipima chumvi, na sikutaka awe mimi. Nikasema, kwa Kiswahili changu kizuri cha mbele ya darasa, "Anasema ndiyo. Anasema aliona maji yamepungua njiani, akaongeza, kama wanavyowafanyia ng'ombe. Hakujua."

Bwana Kombo akamgeukia Baba moja kwa moja. "Kweli, mzee?"

Nilitulia kabisa, kwa sababu niliamini hajasikia kitu. Ng'ombe mmoja alikuwa ameshaanza kunywa. Ndipo Baba akasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno likitafutwa, "Ni kweri, bwana. Ni mimi. Nirikosea. Nisamehe sana."

Sijui kama mmewahi kumsikia mtu akikuokoa kwa lugha uliyokuwa unamwonea aibu. Alikuwa amesikia. Alikuwa anasikia siku zote, Rusumo yote, kila nilipoyafupisha maneno yake au kuyapamba, kila nilipomweleza mtu kwamba baba yangu haelewi.

Bwana Kombo akakaa kwenye ngazi ya nyumba, akajishika kichwa. Alipoinuka alinitaka nitafsiri tena, na safari hii nilitafsiri kwa uaminifu, kwa kuwa sikuwa na ujanja mwingine. Alisema hamchukii mzee, ila hawezi kumwachia viumbe mtu anayetenda bila kuuliza, Deo atamrudisha. Kisha akaniwekea mkono kichwani. Alisema mtoto anayeweza kusema ukweli hata unapomwangukia baba yake mzazi ni mtoto adimu. Kama mzee ataridhia, nibaki pale na yeye na mkewe, ambaye angekuja wiki hiyo, na atanisomesha mpaka nitakapofika.

Yote hayo niliyasema kwa Kirundi, nikiwa natazama vidole vya miguu ya Baba. Akanijibu sentensi moja: "Mshukuru." Nikamwambia Bwana Kombo asante. Baba akaenda kuchukua mfuko wake.

Nilibaki. Nilisoma. Nililala kwenye godoro, nikala wali siku ambazo hazikuwa sikukuu, na wageni walipokuja Bwana Kombo aliwaambia, mbele yangu, kisa cha binti mkweli. Alikisimulia vizuri. Kila alipofika pale penye hori nilijisingizia kwenda kutoa vyombo. Tangi lilikaa tupu sebuleni miaka miwili, halafu mkewe akaanza kuweka humo mashuka. Alipostaafu wakarudi Pemba, na mpaka leo hajui.

Likizo nilikwenda Nyakisasa. Baba alikuwa amepata ng'ombe wengine wa watu, safari hii mbali zaidi, akawa anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama alikuwa ameelezwa kwamba mumewe aliharibu kazi kwa kujifanya anajua. Alimtania kwa hilo miaka yote. Maharage yakizidi chumvi, Mama anasema, "Haya, mpelekeeni samaki wa bwana mkubwa!" na wadogo zangu wanacheka, na Baba anacheka nao. Wadogo zangu wawili hawakuvuka darasa la saba. Mimi nilikula maharage yale nikanyamaza. Nilinyamaza nikiwa na miaka kumi na tatu, nikanyamaza nilipoajiriwa, nikanyamaza siku ya harusi yangu Baba aliposimama kunikabidhi. Mara moja nilijaribu. Nilianza, "Baba, ile chumvi ya Benaco," naye akaniuliza kama nimefunga mlango wa zizi. Nilikuwa nimeufunga, na alijua nilikuwa nimeufunga, lakini niliinuka nikaenda kuuangalia, nikafurahi kuondoka.

Nilijidanganya kwamba amesahau. Mzee ana miaka sabini na kitu, ana wajukuu, ana mbuzi wake mwenyewe. Sijawahi kuona hata dalili ya kinyongo kwake.

Mwezi uliopita alianza kuumwa, nikampeleka hospitalini. Daktari alikuwa kijana, mpole, anayejua Kiswahili tu. Nilikaa kiti cha karibu na Baba, kama mabinti wote wanavyokaa. Daktari akanigeukia mimi. "Mama, muulize mzee maumivu yameanza lini na yako wapi."

Nikamgeukia Baba, nikafungua mdomo nianze. Akainua kiganja. Hakuwa na hasira. Alikiinua kama unavyomzuia mtu asikumiminie chai zaidi. "Daktari," akasema, "nitajisemea mwenyewe."

Akajisemea. Ilichukua muda mrefu. Alitafuta maneno, akayakosa, akaanza upya, akaruka, l na r zikagongana. Akasema yanaanza "asubui nikiramka," akasema yanachoma, yanashuka, akakosa jina la yanakoshukia. Maneno yote aliyokuwa anayatafuta mimi nilikuwa nayo.

"Ni tumbo au kifua, mzee?" daktari akauliza.

"Tumbo," Baba akasema, na kiganja chake kilikuwa kifuani.

Daktari akasimamisha kalamu, akanitazama. Mimi nikamtazama Baba, nikisubiri aniruhusu. Yeye alikuwa anamtazama daktari.